Nani Anashika Kalenda ya Ukumbi

Mnamo Oktoba 1976 tamthilia mbili za Wakenya zilihitaji jukwaa jijini Nairobi. Zilikuwa zimeteuliwa kuiwakilisha nchi katika FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977. Moja ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambayo baadaye wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Mzalendo Kimathi. Nyingine ilikuwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Mahali pa kuzionyesha hapakuhitaji kutafutwa, kwa sababu nchi ilikuwa na jumba la maonyesho la taifa, Kenya National Theatre. Kalenda ya jumba hilo, hata hivyo, ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na wachezaji baleti kutoka Ufaransa. Kulikuwa pia na City Players, kikundi cha wakazi wa Nairobi, wengi wao Wazungu, waliokuwa wametengewa siku za mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Tamthilia zilizokwenda kuibeba bendera ya nchi zikapewa siku chache zilizopatikana katikati.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ubaguzi, na ushahidi wa kukisimulia hivyo upo. Jumba lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Linatazamana na Hoteli ya Norfolk, na ni katika eneo hilo, tarehe 16 Machi 1922, umati uliokuja kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi. Ngũgĩ ameandika kwa kirefu juu ya maana ya mahali hapo, na hakuna haja ya kumrudia. Kinachozungumzwa kidogo ni namna ubaguzi unavyoweza kuendelea kufanya kazi bila mtu yeyote kutoa amri ya kubagua. Miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, hapakuwa na kibao mlangoni kinachomkataza Mwafrika kuingia. Kulikuwa na daftari la nafasi tu, na daftari hilo lilitosha.

Ukumbi hukodishwa kwa anayewahi. Anayewahi ni yule anayejua leo atafanya nini mwezi kama huu mwakani, mwenye akiba ya kulipa amana, na ambaye akichelewa kulipa salio atasubiriwa kwa sababu anajulikana. Kikundi cha wageni chenye wanachama wanaolipa ada ya mwaka kinazo sifa zote hizo. Msimu wake unafahamika: mchezo wenye nyimbo mwezi fulani, vichekesho vya Krismasi mwezi fulani, tamasha la kwaya kabla ya Pasaka. Kundi la wanafunzi wa chuo kikuu au la waigizaji wanaolipwa wakati kuna kazi haliwezi kupanga hivyo. Kanuni ya anayetangulia kupata, ambayo ukiisoma kwenye karatasi haina rangi wala kabila, inamfaa daima aliyekuwa ameketi tayari. Ndiyo maana nasema kwamba katika historia ya sanaa za wageni Afrika Mashariki, swali la kwanza la kuuliza ni nani anashika kalenda. Ubora wa onyesho na nia njema ya waandalizi ni mambo ya kuuliza baadaye.

Ili kuelewa nguvu hiyo inatoka wapi, yafaa kuitazama jamii yenyewe. Wageni wakaao Nairobi ni watu wa namna nyingi: wanadiplomasia, watumishi wa Umoja wa Mataifa, wafanyakazi wa mashirika ya misaada na makampuni, walimu wa shule za kimataifa, pamoja na familia zilizobaki tangu enzi za walowezi ambazo haziitwi wageni kwa haki. Wengi wa makundi ya mwanzo hukaa miaka miwili au mitatu, kisha mkataba unakwisha. Wakiwapo, wanakuja na kitu kimoja ambacho miji mingi haina, nacho ni wakati wa watu wenye ujuzi usionunuliwa. Kwa sheria za uhamiaji, mwenzi wa mfanyakazi wa kigeni hupewa kibali cha kuishi kama mtegemezi, na kibali hicho hakimruhusu kuajiriwa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mhasibu, mwalimu wa fidla au meneja wa miradi kwao anajikuta na asubuhi tupu. Kamati za kwaya, za maonyesho na za hisani hujengwa juu ya asubuhi hizo. Mhasibu anakagua vitabu vya kikundi bure. Mwalimu wa fidla anaongoza mazoezi ya okestra ya ridhaa, yaani okestra ya watu wanaopiga kwa mapenzi, bila malipo.

Hali hiyo ina historia ndefu kuliko mashirika ya misaada. East Africa Women's League, chama cha wanawake wa kizungu kilichoanzishwa Kenya mwaka 1917, kiliunganisha mambo matatu ambayo hadi leo huenda pamoja: kazi ya mikono, shughuli za kuchangisha fedha, na msaada kwa watu walioonekana kuuhitaji. Wanachama wake walidarizi vipande vikubwa vya kitambaa vinavyoonyesha maisha ya wilaya walizoishi, kazi ya subira na ustadi mkubwa. Lakini inayoonekana humo ni nchi kama ilivyoonekana kutoka barazani kwa mlowezi. Mtu anayevitazama leo anaona uzuri na mpaka wake kwa wakati mmoja.

Kuelekea mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake mambo yalipanuka upesi. East African Conservatoire of Music, ambayo leo ni Kenya Conservatoire of Music, ilianzishwa mwaka 1944. Donovan Maule na mkewe Mollie walifika Nairobi mwaka 1947 na kuanzisha kampuni ya waigizaji wa kulipwa. Mwaka 1958 walifungua jumba lao wenyewe lililoendeshwa kama klabu, wanachama wakilipia msimu. Mfumo huo wa kulipia msimu unahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndio injini ya biashara yote. Mtazamaji hanunui tiketi ya mchezo mmoja anaoupenda. Ananunua mwaka mzima wa michezo ambayo hajaijua. Fedha zinaingia kabla ya gharama, na kampuni inaweza kulipa waigizaji, kununua mbao za mandhari na kulipia haki za michezo kutoka London bila kukopa. Ubaya wake ni kwamba ladha ya waliolipa mapema ndiyo inayochagua michezo. Wanachama waliotaka vichekesho na hadithi za upelelezi walizopata kuziona West End ya London walipewa hivyo, mwaka baada ya mwaka, katika mji uliokuwa ukibadilika nje ya mlango. Wanachama walipozidi kuondoka, injini ikakosa mafuta. Jumba lilifungwa mwaka 1979.

Kilichofuata kinafundisha zaidi kuliko kufungwa kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 James Falkland alianzisha Phoenix Players katika mtaa wa Bunge, ule ule wa jumba la Maule, akatumia mfumo ule ule wa kulipia msimu, na kwa muda mrefu orodha ya michezo yake ilifanana sana na ya zamani. Tofauti ilikuwa katika waigizaji. Phoenix ilihitaji watu wa kusimama jukwaani kila baada ya wiki chache, na watu hao wakazidi kuwa vijana wa Kenya. Walijifunza kazi kwa kuifanya: kukariri haraka, kusimama kwenye mwanga, kuuhisi ukumbi ulipopoa na kuuamsha. Waigizaji wengi ambao Wakenya waliwajua baadaye kwenye televisheni na filamu walipitia hapo. Mtu anaweza kuilaumu orodha ya michezo, na lawama hiyo ni ya haki, lakini ujuzi ulihama mikono. Michezo ilisahauliwa upesi. Ujuzi ulibaki nchini na waliokuwa nao.

Upande wa muziki uhamaji huo ulianza mapema na ulikwenda mbali zaidi. Kenya Music Festival ilianza mwaka 1927 kama mashindano ya walowezi, kwa mtindo wa Uingereza: kipande kilichowekwa, hakimu mezani, alama na maoni. Leo ni tamasha la shule za nchi nzima. Wanafunzi hushindana kuanzia ngazi za chini hadi kitaifa, wakiimba nyimbo za jamii zao na kucheza ngoma zao pamoja na vipande vya kwaya za Ulaya. Meza ya hakimu imebaki. Vinavyohukumiwa mezani hapo vimebadilika kwa kiasi ambacho waanzilishi wasingekitambua, na hilo halikuja kwa hisani ya mtu. Lilikuja kwa sababu tamasha liliingia katika mfumo wa elimu, likapata walimu wa kuliandaa kila shule na bajeti isiyotegemea ni nani amepewa mkataba Nairobi mwaka huu. Mwalimu wa sekondari kijijini hupanga mazoezi yake kwa kalenda ya tamasha, na kalenda hiyo haihami na mtu.

Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake inaonyesha jambo hili kwa upana zaidi. Graham Hyslop, Mwingereza aliyefanya kazi ya muziki na elimu nchini Kenya, aliandika michezo ya Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, iliyochapishwa mwaka 1957, wakati tamthilia zilizochapishwa kwa Kiswahili zilikuwa za kuhesabika. Mwaka 1963 alikuwa katika jopo lililotayarisha wimbo wa taifa pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Jopo hilo halikutunga wimbo kutoka hewani wala kuagiza kutoka nje. Lilichukua mahadhi ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, liliyoyapata kwa Mzee Meza Morowa Galana, likayapangia sauti na kuyawekea maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Hyslop alikuwa mmoja kati ya watano, na kazi ikawa na wenyeji wengi kuliko wageni mezani. Nadhani uwiano huo wa watu mezani ndio uliofanya kazi hiyo idumu. Ujuzi wa kupanga sauti kwa utaratibu wa Ulaya ulikuwapo. Uamuzi wa wimbo gani upangwe haukuwa wa mgeni peke yake.

Sasa tuje kwenye hisani, kwa sababu siku hizi ni nadra kikundi cha wageni kupiga muziki bila kusema fedha zinakwenda wapi. Hafla ya hisani hotelini ni kifaa chenye hesabu yake. Kuna mapato ghafi, yaani fedha zote zilizoingia, na kuna mapato halisi, yaani zilizobaki baada ya chakula, ukumbi, vyombo vya sauti, ulinzi, kibali na uchapishaji. Tuseme tiketi inauzwa kwa shilingi 10,000 na gharama ya kumlisha na kumtumbuiza mgeni mmoja ni 8,000. Kazi ya miezi minne ya kamati imezalisha 2,000 kwa kila kiti. Ndiyo maana tiketi peke yake hailipi kitu. Faida hutoka kwa mdhamini anayelipia gharama ili jina lake lionekane, kwa bahati nasibu ambayo zawadi zake zimetolewa bure, na kwa mnada wa vitu vilivyotolewa na hoteli za pwani na wachoraji. Wachoraji ndio wanaostahili kutajwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndio watu wa kipato cha chini kuliko wote katika orodha ya wafadhili, na hakuna anayewahesabu kama wafadhili. Mchoro unaotolewa kwa mnada ni wiki za kazi ya mtu. Kamati inayojali ingempa msanii sehemu ya bei, kisha iandike waziwazi kwamba imefanya hivyo.

Mfano wa hisani ya wageni na walowezi iliyofanya kazi vizuri, ajabu ni kwamba hauhusu muziki kabisa. Mashindano ya magari ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kuilinda milima ya Aberdare, misitu yake na faru wake. Magari hupita nyikani bila barabara, yakitakiwa kufika vituo 13 kwa saa 10, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Kila timu hutafuta wadhamini wake kabla ya kuruhusiwa kushindana. Uzio ulikamilika mwaka 2009, ukiwa na urefu wa kama kilomita 400. Siri yake haikuwa kwamba watu hao ni wakarimu kuliko wapenda muziki. Lengo lilikuwa moja, lilipimika kwa kilomita, na halikubadilika kwa miaka 20 ingawa kamati zilibadilika. Anayetoa fedha aliweza kuuliza uzio umefika wapi na akajibiwa kwa tarakimu. Jambo la pili ni kwamba uzio ulipaswa kutunzwa na watu wanaoishi kando yake pamoja na mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo mtunzaji alikuwapo tangu mwanzo. Tamasha za muziki wa hisani mara nyingi hukosa yote mawili: lengo hubadilika kila mwaka, leo hospitali, kesho kituo cha watoto, na hakuna aliyepangwa kutunza kilichonunuliwa.

Ndiyo maana habari ya Korogocho, kitongoji maskini cha Nairobi, ina uzito. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge, Mkenya, alianzisha mafunzo ya muziki wa okestra kwa watoto katika eneo la kanisa katoliki la Mtakatifu Yohana, karibu na dampo la Dandora. Mradi huo ukaitwa Ghetto Classics. Kuanzia mwaka 2014 ulipata mdhamini mkubwa ambaye kwa njia yake ni sehemu ya hadithi ya wageni wa Nairobi: Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyehamia Uingereza akiwa kijana, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom na mpenzi wa saksofoni. Kampuni hiyo ilianzisha tamasha la jazi, ikaleta wapigaji kutoka nje, na mapato ya tiketi yakaelekezwa kwa watoto wa Korogocho. Watoto hao pia walipanda jukwaani.

Tazama jinsi mradi huo ulivyojengwa. Aliyeanzisha mradi ni mwenyeji na alikuwapo kabla ya mdhamini. Mahali pa mazoezi ni palepale watoto wanapoishi, si kwenye ukumbi wa upande wa pili wa mji ambao nauli yake ni chakula cha siku. Vijana waliofundishwa mwanzo waligeuka walimu wa waliofuata, na hapo ndipo penye thamani yote. Fidla iliyonunuliwa kwa hafla moja hudumu muda fulani, kisha uzi unakatika, daraja linapasuka, na kama hakuna anayejua kuitengeneza inawekwa kabatini. Mwalimu aliyetoka katika mtaa ule hahami mkataba unapokwisha. Collymore alifariki Julai 2019. Watoto wakaendelea na mazoezi, kwa sababu aliyekuwa akiwafundisha skeli siku ya Jumamosi hakuwa yeye.

Mtu anaweza kupinga kwamba muziki wa Bach na Mozart katika kitongoji cha mabati ni kuwabebesha watoto ladha ya wengine. Pingamizi hilo lisipuuzwe, kwa maana ndilo lile lile la mwaka 1976 likija kwa mlango mwingine. Jibu langu ni kwamba ladha si ya mtu hadi awe na uwezo wa kuikataa. Kijana anayesoma nota, anayejua kupiga saksofoni na aliyewahi kusimama mbele ya watu elfu anaweza kesho kupiga benga, au chakacha, au asipige kitu. Mtoto ambaye hakupewa ala hajachagua benga dhidi ya Mozart, hajachagua lolote. Tatizo hubaki pale mtaala unaposimama kwenye mitihani inayosahihishwa na wakaguzi kutoka ng'ambo, na mwalimu akaona aibu kufundisha nyatiti kwa sababu haina cheti. Hapo kazi bado ipo, na shule za muziki za Nairobi zinapaswa kuifanya wenyewe, bila kusubiri ufadhili wa balozi yeyote.

Baada ya siku zile chache za Oktoba 1976, Ngũgĩ alirudi Limuru, na mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩthũ huko walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaonyesha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo Ngũgĩ aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Safari hii ukumbi ulikuwa wao na kalenda ilikuwa yao. Serikali ilifuta kibali cha maonyesho mnamo Novemba, Ngũgĩ akawekwa kizuizini tarehe 31 Desemba, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Waliobomoa hawakuwa wageni. Anayewalaumu wageni peke yao kwa kubana nafasi ya sanaa ya Kenya anaacha nusu ya hesabu nje.

Vikundi vya wageni vitaendelea kuwapo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kadiri balozi na mashirika yatakavyokuwapo, na vitaendelea kuimba. Yale vinayoweza kufanya ni madogo na yanajulikana: kuandika ala kwa jina la shule wala si la kikundi, kumlipa fundi wa kuzitengeneza kabla ya kununua nyingine, kuweka wenyeji wengi katika kamati yenye saini ya benki, kutangaza mapato halisi badala ya mapato ghafi, na kuachia wiki mbili za ukumbi kila msimu kwa kundi ambalo halina uwezo wa kuweka amana mwaka mzima kabla. Wiki hizo mbili zina gharama, na ni halali ziingizwe katika bajeti kama gharama nyingine yoyote, kando ya chakula na vyombo vya sauti.